Yule Katungu Mwingine

Christa: Alo? Alo... Hii namba ni ya nani?

Bénite: Yaya, ni mi, Bénite. Simu ni ya papa Muyisa, jirani.

Christa: A, mudogo wangu. Jambo. Huku Beni rezo ya simu inakatika-katika. Butembo muko bazima?

Bénite: Tuko. Na weye? Batoto?

Christa: Bako ndani ya nyumba. Tulisikia masasi ya bunduki upande wa Eringeti, sasa... [rezo] ...ilinyamaza. Mama?

Bénite: Asubui nilikuwa namuosha shingo. Kidonda kilifunga muzuri.

Christa: Aksanti Mungu.

Bénite: Eee.

Christa: Bénite? Uko?

Bénite: Niko. Kabla nimuoshe, anaomba tupige magoti. Kila siku ni vile. Anaombea yule Katungu mwingine.

Christa: Katungu gani?

Bénite: Papa hakukuambia? Ile nyama balimukata mama ku shingo, Jéthro, muchuuzi wa hapa, aliipeleka Kampala bayipime, pamoja na biashara yake. Akarudisha majibu mbili. Zote jina ya mama, Katungu.

Christa: Mais, lakini kwetu kila binti wa tatu ni Katungu.

Bénite: Ndiyo, njo papa alisema vile. Akakamata ile ya kwanza, kansere ya tezi ya shingo, yenye docta alishatoa na kisu. Ya pili ni kansere ingine, inaitwa limfoma. Akasema hiyo ni ya mutu mwingine. Balitangaza ku kanisa, hata Musienene: Katungu mwenye alituma nyama na Jéthro, akuje.

Christa: Na nani alikuja?

Bénite: Hakuna. Mama akamulilia yule Katungu. Anasema, maskini, anagonjwa na hajue.

Christa: [anacheka kidogo] Mama yetu ule.

Bénite: Leo docta aliniita, nikatoka masomo.

Christa: We peke? Na papa?

Bénite: Papa ako ku shamba, Kalunguta. Baaskari balifunga njia. Yaya, docta anasema...

Christa: Sema pole-pole, inakata.

Bénite: Anasema alimupatia Jéthro chupa moja tu ya nyama, ya mama.

Christa: Moja? Basi ule Katungu mwingine...

Bénite: Magonjwa mbili mu tezi moja. Moja ni ya tezi yenyewe. Ingine ni ya baaskari ba mwili, benye kazi yabo ni kutulinda. Njo benye baligeuka.

Christa: Hata mule ndani ya mwili.

Bénite: Eee. Hiyo haiishe na kisu. Inaomba dawa ya piki, ya sindano, kule Kampala, na haraka.

Christa: Njia ya Kasindi, ya kuenda Kampala... hakuna motokari inapita.

Bénite: Nilijua.

Christa: Mama anajua?

Bénite: Hapana. Docta anasema mutu mukubwa wa nyumba njo amuambie. Mi niko wa mwisho, yaya. We njo mukubwa.

Christa: Nimuambie na simu? Ngoja... Sikia, nitaona Kasonia, mwenye kamyo, lori ya mizigo. Kama atajaribu njia, mama akuje na—

Bénite: Bayunite ya simu inaisha. Kesho atapiga magoti tena, mi nifanye—

Christa: Umuache kwanza. Usiseme kitu. Mi nitapiga, nitamu—

[simu inakatika]

Ujumbe kutoka kwa Bénite, kesho yake: Yaya, hukupiga. Mama aliniangalia, nikashindwa kuficha, nikamuambia. Hakulia. Alisema tu, basi yule Katungu njo mimi. Anakaa hapa na simu ku mikono, anangoja sauti yako. Donc, sasa piga.