Siku Doto Alipokubali Kula

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Asanteni. Mie si mzoefu wa kusimama mbele za watu, mtanivumilia. Mama Mchungaji aliniomba niseme, nikakataa. Akaniomba tena. Nikamwambia haya, nitasema, lakini ushuhuda wangu si wa kurukaruka. Mungu ametenda, ndiyo! Ila alipotenda kwangu, nilikuwa nimeshazika.

Wengi mnaniita Mama Kulwa. Kwa wageni wetu wa leo, mie nilijaliwa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Tunaishi hukuhuku Chanika, nyuma ya kisima. Baba yao ni kibarua kwenye yadi ya makontena Kurasini. Analala hukohuko na wenzake, nyumbani anakuja mwisho wa wiki.

Watoto walizaliwa wazima kabisa. Walikuwa ndiyo wanaanza kutambaa nilipoanguka na homa ya matumbo. Nikalazwa. Niliporudi nyumbani, maziwa yalikuwa yamekauka. Wakawa wanakunywa uji wa sembe, wanakunywa chai ya rangi, jioni ugali laini na mchuzi wa mboga. Ndugu zangu, watoto wangu hawakulala njaa! Hilo ndilo lililonichanganya. Matumbo yao yalijaa. Lakini hawakukua. Wenzao wa mtaani walisimama, wakatembea, wangu wamekaa tu kwenye mkeka wanatazama. Nywele zikawa nyekundu, nyepesi kama ndevu za mahindi. Hawakucheza. Hata kulia walilia kwa uvivu. Kisha miguu ikaanza kujaa, na mashavu yakajaa, watu wakaniambia, "Mama Kulwa, hongera, watoto wananenepa." Nami nikafurahi. Nikamshukuru Mungu kwa ule uvimbe!

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja akaubonyeza mguu wa Kulwa kwa kidole. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Akalitazama lile shimo, halafu akanitazama mie.

"Hawa watoto wamebemendwa," akasema.

Nyie akina mama mnalijua neno hilo. Maana yake nilitoka nje ya ndoa huku nalea, na uchafu wangu ukawaingia wanangu. Mbele za Mungu huyu tunayemwabudu, sikufanya! Nilimwambia mama mkwe. Nilimwambia na mume wangu. Hakunipiga, hakunifokea. Alikaa mlangoni muda mrefu, akachukua shati lake la kazi lililokuwa kwenye kamba, bado bichi, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata.

Mama mkwe akaleta mizizi ya kuwaogesha. Tukawaogesha. Neno likatoka nje, likafika kisimani, likafika sokoni. Niseme ukweli? Lilifika na humu ndani. Nilikuwa nakaa benchi lile pale, na ikafika mahali benchi zima likawa langu peke yangu. Sisemi kwa uchungu, wapendwa. Mlisikia mlichosikia. Lakini na mie nilikuwa nasikia. Nikaanza kuwafunika wanangu khanga gubigubi, hata kwenye joto. Nikaogopa kliniki, maana pale mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani mbele ya akina mama wote.

Kulwa akaanza kuharisha. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, yeye na mwenzake wamelala kwenye mkeka. Nikamwita, "Kulwa." Aliyegeuza kichwa ni Doto.

Nikamwita tena. Doto ndiye akanitazama.

Baba yao alikuja msibani. Watu walimpa pole yeye. Akatupa udongo, akarudi Kurasini bila kula. Mie nikabaki na Doto, na miguu ya Doto inavimba kama ilivyovimba ya mwenzake. Nilikuwa naomba, lakini naombaje! Nilikuwa namwambia Mungu, kama ni kumchukua huyu naye, fanya haraka, usinichezee.

Sasa sikieni Bwana anavyopita anakotaka mwenyewe. Pale kwenye kona kuna duka la Bi Zuhura, yule mama wa Kiarabu. Nilikwenda kununua chumvi, Doto mgongoni. Mguu mmoja ulikuwa umetokeza nje ya khanga.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Huo mguu wa mtoto una nini?"

Nikauvuta ndani. Nikasema naomba chumvi.

"Chumvi utapewa. Nimekuuliza mguu."

Sijui nini kilinivunja. Nikalia pale kaunta. Nikamwambia, "Wanasema nimembemenda."

Bi Zuhura akaiweka chumvi kando. "Hata kwa mjukuu wangu walisema hivyohivyo," akasema. "Binti yangu akajifungia ndani kwa aibu. Ilikuwa ni ugonjwa, na dawa yake iko hospitali. Mjukuu wangu sasa anasoma. Twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Huyu si mtoto wa kungoja kesho."

Akafunga duka mchana kweupe! Mteja amesimama na chupa yake ya mafuta, akaambiwa arudi baadaye. Hajawahi kukanyaga kanisani kwetu yule mama. Lakini mie najua ni nani aliyemtuma.

Hospitali, nesi mmoja kijana akamzungusha Doto utepe kwenye mkono. Ule utepe una rangi. Wa Doto uliishia kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Akabonyeza miguu. Nikajua anachotaka kusema, nikajitetea kabla hajafungua mdomo.

"Sista, mie sikutoka nje ya ndoa."

Akanitazama, wala hakucheka. "Mama, nani kakwambia mambo hayo? Huu ni utapiamlo mkali. Mwili wake umekosa vyakula vya kuujenga. Uji mtupu unajaza tumbo, haujengi mtoto."

Ndugu zangu, neno lile! Nilikuwa nimebeba jiwe kifuani tangu siku ile ya kidole, na sista akaliondoa kwa sentensi moja. Kisha hapohapo jingine likaingia. Kama ni chakula tu, basi Kulwa.

Tukalazwa. Nilidhani watampa chakula kingi. Hapana, walimpa maziwa maalumu, kidogokidogo, kwa kikombe. Doto akayakataa. Akageuza uso ukutani. Wakampitishia mpira puani. Uvimbe ukaanza kushuka, na hapo ndipo nilipoona mtoto niliyekuwa naye kweli: mifupa na ngozi. Nikapiga kelele, "Mnamuua!" Sista akanishika mabega. "Ni maji yanatoka, mama. Mtoto wako ndiye huyu. Sasa ndiyo tunaanza."

Kitanda cha jirani mtoto alifariki. Mama yake alikunja shuka vizuri, akalikabidhi, akatoka. Siku ile niliomba maombi ambayo sijawahi kuyasikia kanisani. Nilisema, "Baba, nimechoka kukuomba vizuri. Niachie huyu." Basi. Sikusema amina wala nini.

Baadaye wakaleta chakula cha dawa. Kiko kwenye pakiti, laini, kinanukia karanga. Sista akasema, "Sasa tunapima hamu yake ya kula. Usimlazimishe. Akikila mwenyewe, safari ya nyumbani imeanza." Nikaminya kidogo kwenye kidole, nikakiweka mdomoni mwake. Akakitema. Nikangoja. Nikaweka tena. Akalamba. Nikakitoa kidole ili niminye kingine, na Doto, ndugu zangu, Doto ambaye hata inzi hakuwa anamfukuza usoni, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaurudisha mdomoni. Akanguruma! Alikasirika kwamba nachelewa!

Haleluya! Nililia mpaka sista wa upande wa pili akaja kuuliza nani amekufa.

Baba yao alikuja siku ileile, ametumiwa habari na Bi Zuhura. Alisimama na nguo za kazi, anamtazama mtoto anavyokula. Akauliza, "Sista, kumbe ni hiki tu?"

"Ni hiki, na maziwa, na dawa."

"Na yule mwenzake, angepewa hiki, angepona?"

Sista alifunga pakiti, akasema, "Tungejaribu, baba. Tungejaribu sana."

Mume wangu akatoka nje. Nilimwona dirishani amechuchumaa ukutani, mikono kichwani. Sikumfuata. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Bado hajarudi kulala nyumbani. Anakuja, anamletea Doto mayai, anakaa mlangoni, anaondoka. Mama mkwe hajanena lolote mpaka leo. Naomba mtuombee, maana uponyaji wa nyumba yetu haujaisha.

Doto sasa anasimama kwa kushika ukuta. Kila wiki tunachukua pakiti zake, nami nampa yeye tu, kama sista alivyoelekeza, na maji safi ya kunywa juu yake. Uji wake una dagaa na karanga. Namshukuru Mungu! Namshukuru kwa Bi Zuhura, kwa yule sista, kwa aliyekaa akabuni kupakia uhai ndani ya kipakiti.

Kwa nini Bwana alichukua mmoja akaniachia mmoja, sijui. Nimemuuliza. Hajanijibu, na bado naongea naye, kwa sababu sina mwingine aliyekuwa nami kwenye ile wodi.

Najua kuna mama ananisikia hapa, na mtoto amemwacha nyumbani, amemfunika, anaogopa midomo yetu. Dada yangu, mwamini Yesu, na mtoto umpeleke hospitali. Yote mawili. Kesho ni siku yetu ya kliniki, mie na Doto tunaondoka mapema. Njoo na mwanao. Hatutakuuliza kitu.