Bwana Muhuri na Maziwa ya Jirani

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Muhuri, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, katika nyumba iliyo nyuma ya ghala la ngozi, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu. Alisoma shule ya jirani, akahitimu chuo cha mifugo mwaka 1979, akaajiriwa machinjioni kuwa mkaguzi wa nyama, ambako alipasua kila ini na kupapasa kila pafu akitafuta minyoo na kifua kikuu, na nyama asiyoiamini hakuipiga muhuri, hata mwenye ng'ombe alie machozi.

Tarehe 12 Juni 1984 alimwoa shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Shemeji alimpenda kwa wivu, na ameridhia tuliseme: aliwaonea wivu hata ng'ombe, akidai mumewe anayajua maini yao kuliko uso wa mkewe, lakini aliyemkosesha usingizi ni jirani yetu, mama muuza maziwa, kwa kuwa kaka alianza kupita kwake kila jioni. Siku moja shemeji alimfuata, akachungulia dirishani, akawaona wameinamia jiko moja, akaingia bila hodi, akifoka kwamba kwake mwanamume huyu hajawahi kuchemsha hata chai, kumbe kwa wenzake anachemsha maziwa! Kaka hakugeuza shingo, maana maziwa yalikuwa yanapanda. Alipoyaepua ndipo akaeleza kwamba mama yule ameugua homa inayotoka kwa ng'ombe, kwa kunywa maziwa mabichi, na ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakinywewa na watoto wa mtaa, wakiwemo watoto wao watatu. Shemeji alielewa, ila hakulainika. Alitaka naye achemshiwe, na tangu kesho yake kaka alimchemshia kila asubuhi, mpaka figo zilipomlaza tarehe 3 Februari 2021.

Wodini, mama muuza maziwa alileta chupa ya maziwa ya moto, shemeji akaipokea kwa adabu, lakini kikombe alikishika yeye mpaka mwisho, tarehe 27 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa machinjioni, majirani, na mama muuza maziwa, ambaye ndiye aliyeleta maziwa ya chai mtakayokunywa leo, yakiwa yamekwisha kuchemshwa, na shemeji ameyachemsha tena kwa mkono wake mwenyewe.

Kaka, hakuna tone lililopita bila kukaguliwa. Pumzika kwa amani.