Historia ya Mama Pasi, Ambaye Hakufa Mkesha wa Sikukuu

Ndugu waombolezaji, kwanza mtuwie radhi kwa kelele mlizozisikia humu ndani tangu asubuhi. Ugomvi ulikuwa juu ya laki tano alizozileta Mwandishi, yule mzee aliyeketi safu ya tatu, zisaidie jeneza, naye akaomba ukurasa wa mwisho wa hadithi yake usomwe hapa mbele yenu. Mkwe wa marehemu alisema fedha haina kosa, na jeneza halijalipiwa lote, lakini mdogo wake marehemu, fundi baiskeli, ambaye kusoma alijifunza kwenye magazeti ya kufungia misumari na ndiye aliyeteuliwa na familia kusimama hapa, alisema ukurasa huo ukisomwa atalibeba jeneza peke yake atoke nalo. Hasira zake mnazijua, kwa hiyo bahasha imerudishwa, na kinachosomwa ni hiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga kando ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa mtia makaa wa treni na mkewe. Alianza shule mwaka 1958, kwenye shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, akaishia darasa la nne, siyo kwa uzito wa kichwa, maana hesabu aliwaburuza wavulana wote, ila baba aliumia mkono kazini, na ikabidi mkubwa awe mkono wa baba.

Mwaka 1964 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hoteli iliyotazamana na posta, akajifunza kutia wanga kola na kuipima pasi ya makaa kwa kuisogeza karibu na shavu, na mwaka 1970 akafungua kazi yake mwenyewe, mlango wa pili kutoka kona, ndipo watu wakamwita Mama Pasi. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi, kwa sababu, alivyokuwa akisema, la wazazi alipewa bure, hili alilitolea jasho.

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1969 na mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mpole, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya harusi, wakajaliwa watoto wawili, mwana mwaka 1970 na binti mwaka 1974.

Sasa, jioni ya mkesha wa sikukuu mwaka 1973, Mwandishi, wakati huo mwalimu kijana aliyepanga ghorofani, alishuka kuchukua shati lake, akakuta makaa yamefifia, mama ana macho mekundu, mtoto amelala juu ya lundo la nguo za watu, hakuuliza neno, akapanda zake juu akaandika. Angeuliza angeambiwa kwamba makaa yalipunguzwa kwa ajili ya gauni la hariri, ambalo moto mkali ungelitoboa, kwamba macho yalikuwa ya moshi, na kwamba mtoto alikikataa kitanda mwenyewe, kwa kuwa hakuna godoro linaloshinda joto la nguo zilizotoka kwenye pasi. Katika hadithi, Mama Pasi, kwa jina hilohilo, anakohoa damu kwenye kola za matajiri, mtoto anakufa kwa njaa na baridi, na mama anamfuata kabla jogoo hajawika. Hatusemi Mwandishi ana roho mbaya, inasemekana alilia kweli alipokuwa akiandika, na hilo ndilo linalouma, kwamba machozi alikuwa nayo, swali hakuwa nalo.

Tarehe 14 Machi 1978, siku ya Jumanne, binti yao alifariki kwa surua, mchana, nguo za wateja zikiwa kambani, na mama yake akazianua ndipo akakaa chini. Huyo hakuandikwa na mtu. Vitabuni maskini haruhusiwi kufa Jumanne, sharti angoje sikukuu, ili walioshiba wapate cha kuwasikitisha baada ya kula.

Mwaka 1980 hadithi iliingizwa kwenye vitabu vya shule, mwana akaisoma darasani mbele ya wenzake, akarudi nyumbani na kuuliza, "Mama, mimi nilikufa lini?" Na kwa kuwa alikuwa amekwishamzika mdogo wake, halikuwa swali la mzaha. Leo ni fundi bomba, na mlango ule mmemwona akiupita kwa ubavu, kwa hiyo habari ya kufa kwa njaa na baridi amueni wenyewe.

Wateja nao walisoma. Nani apeleke shati kwa dobi anayekohoa damu? Walianza kupungua mmoja mmoja, wakimsalimia kwa mbali, hata mwenye gauni la hariri akahamia kwa dobi mwingine, na marehemu, ambaye kifua chake hakikuwahi kuugua, akapanda ghorofani kumwomba Mwandishi alibadilishe jina. Mwandishi alimjibu kwa upole, "Mama, ukibaki hai msomaji hatalia." Naye akamwambia, "Basi asilie, alete nguo."

Hakulibadilisha. Kila sikukuu wakaja wageni na mabunda ya nguo kuukuu kumhurumia, naye alizifua, akazipiga pasi, akawarudishia pamoja na bei. Tulicheka sana siku hizo, lakini kuanzia hapo aliishi kwa kufua mashuka ya nyumba za wageni, usiku wa manane akiyafuata kwa mlango wa nyuma, na mumewe alipofariki tarehe 20 Oktoba 1996, alibaki na mikono miwili na jina lililokwisha kuharibiwa.

Mwaka 2017 alianza kuvimba miguu, ikaonekana moyo umechoka, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 3 Agosti 2019, asubuhi, akafariki akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, baada ya kulalamika kwamba shuka la wodini limekunjwa vibaya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, na madobi wenzake, ambao wamelipiga pasi vazi alilolala nalo. Dada, kazi uliifanya, lala sasa, pumzika kwa amani.

Nawe Mwandishi, fedha zako zimeshakurudia. Familia inalidai jina la Mama Pasi, litoke kwenye hadithi hiyo kabla haijachapwa tena, na jibu tunalitaka sasa hivi, mbele ya watu hawa, kabla jeneza halijainuliwa.