Mubao wa Mulombwa wa Mama Ntumba

Tata padri, mama Adolphine na watoto, bakwe zetu mliotoka Kasaji, wanakwaya, majirani, na ninyi wote mliolala na sisi hapa kwenye kilio, mimi ni Mpoyi, mudogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake mbele yenu, na nawaomba mapema mnivumilie, kwa sababu kuna mahali humu ndani ambapo nitasoma nikiangalia chini, na haitakuwa kwa machozi peke yake.

Ndugu yetu Ntambwe Stanislas alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 mwezi wa tatu 1971, mutoto wa tatu wa tata Tshilombo, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mugodi. Alimaliza shule ya musingi mwaka 1983, akaingia shule ya ufundi, akapata diplome ya umeme mwaka 1990, lakini tuliokua naye tunajua kwamba shule yake ya kweli ilikuwa gitare, aliipiga kwenye kwaya ya parokia tangu akiwa kijana wa miaka kumi na sita, aliipiga hadi mama yetu akawa anamuuliza kama hiyo gitare ndiyo itaenda kuchota maji.

Mwaka 1993, mwaka sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa huku, ambao hapa hakuna haja ya kuueleza, wazazi walipanda treni kurudi Kasai pamoja na sisi wadogo, Stanislas akabaki, na nyumba iliyomufungulia mulango ilikuwa ya tata Kalala, mufanyakazi wa reli kule Kasaji, na mama Ntumba, bibi yake wa ndoa. Hawakuwa ndugu zetu, hawakuwa na sababu yoyote ya kujitia hatarini, na bado walimulaza, walimulisha, walimuficha, kwa hiyo shikeni neno hilo, maana aibu yetu yote inaanzia hapo.

Alirudi Kolwezi mwaka 1996, akapata kazi, na tarehe 25 mwezi wa saba 1998 alifunga ndoa na Adolphine, binti wa nyumba ileile, Mungu akawapa watoto wanne, Blandine, Gracien, Mwenze na Ariel. Tangu siku ya ndoa, mama Ntumba aliyekuwa akimupakulia bukari, ugali wetu, kwa mukono wake akawa mama mukwe, na ninyi mnajua bukwe kwetu ni kitu gani, hakula tena mbele yake, hakumupa mukono, hakuingia kwake kama yeye yumo, na neno lolote alilotaka kumwambia lilipita kwa mudomo wa Adolphine.

Kazi yake ilikuwa kufunga upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua, kwenye atelie moja upande wa Kingamyambo, na huko ndiko, tarehe 6 mwezi wa nane 2009, kifuniko cha mota kilimuangukia mukono wa kushoto, vidole vitatu vikapona bila kukunjika tena. Gitare ikatundikwa ukutani. Nasema ukweli, mwaka ule alikuwa mutu mubaya wa kukaa naye, alinuna, aliwafokea watoto, kwaya ikiimba alitoka nje kama mutu aliyekumbuka kitu, hadi siku moja aliona kwenye simu mutu amelaza gitare juu ya magoti, anatelezesha chuma juu ya nyuzi, hakunji hata kidole kimoja, na Stanislas alipiga kelele hadi Adolphine akafikiri moto umeingia ndani.

Alianza kutengeneza ya kwake. Muti wa kwanza ulikuwa ekaliptusi, ukapasuka ulipokauka, wa pili ulikuwa mbao za paleti, nyuzi zilipokazwa zikauvuta ukapinda kama ndizi, na hapo ndipo alipoanza kutusumbua na mulombwa, kwenye harusi, kwenye ubatizo, popote alipopata mutu wa kumushika mukono, kwamba muti wa gitare ni mulombwa, mwekundu, muzito, uliokauka miaka mingi, kwa sababu unashika sauti na hauiachi haraka, kwa sababu haupindi, na kwa sababu mchwa hawaugusi kabisa. Mulombwa wa sokoni ulikuwa mubichi, aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akaurudisha.

Kuhusu mikro, zile zinazoshika sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye ampli ya kuikuza, hapo alikuwa nyumbani kwake. Waya wa mota ulikuwa munene mno, basi alifungua redio mbovu za avenue nzima, akatoa waya mwembamba kuliko unywele, akavunja baflo, yaani spika, za zamani kwa ajili ya sumaku, akaizungusha mikro ya kwanza kwa mukono mumoja na nusu, lakini ilivuma kama frigo kila mara umeme ulipofika. Akatengeneza ya pili, waya ukizunguka upande wa kinyume, sumaku zikigeuzwa nazo, akaziunganisha, na muvumo ukanyamaza, nyuzi peke yake zikabaki zinasema. Chuma cha kutelezesha alikikata kwenye amortisa, kile chuma cha kuzuia mitikisiko ya pikipiki. Kilichobaki kukosekana ni mubao.

Sasa nasoma mahali nilipowaambia. Mwezi wa kumi na moja 2011 upepo ulitoa mabati ya jiko la mama Ntumba kule Kasaji, tata Kalala alikuwa amekwisha kufa miaka minane, Stanislas akaenda kutengeneza, na mama, kama bukwe inavyotaka, alitoka asubuhi akaenda kushinda kwa jirani ili mukwe wake afanye kazi bila haya, akamuachia chakula kimefunikwa. Juu ya moto, chini ya yale mabati, ulining'inia mubao wa mulombwa, mweusi kwa moshi, mukavu, wa urefu wa mutu, wenye tundu la musumari mwishoni. Akaugonga kwa kidole, akasikiliza. Mwenye kuulizwa hakuwepo, na hata angekuwepo asingeulizwa uso kwa uso, Adolphine alikuwa Kolwezi amelazwa kwa kumuzaa Ariel, ndugu yetu akajiambia kwamba ni mabaki ya paa, akala chakula kile, akaukata mubao katikati, akafunga kipande kizuri kwenye pikipiki.

Haukuwa mabaki ya paa. Tata Kalala aliuchana mwenyewe na kumwekea bibi yake uwe kifuniko cha sanduku lake la kuzikwa siku atakayolala, na kipande kilichobaki hakiwezi kufunika hata mutoto.

Alilijua jambo hilo gitare ikiwa imekwisha, Adolphine alipomwambia kwamba mama analia, wezi wamekata mubao wa sanduku lake. Angesema kwa mudomo wa nani? Kumutuma bibi yake amwambie mama yake, mukwe uliyemuficha mwaka ule amekuibia kifo chako? Ee, bandugu! Pasaka ya 2012 mama alikuja Kolwezi, akaketi nyuma kanisani kwenye viti vya wamama, na Stanislas, aliyetaka kukimbia, alilazimika kupiga, akapiga ameinamisha kichwa, watu wakalia, wakafikiri ni ibada. Mama aliporudi Kasaji hakusema tena wezi, alisema alikosea kuwashitaki watu, ni mchwa ndio waliokula. Na ndugu yetu, yeye aliyetuchosha masikio kwamba mchwa hawagusi mulombwa, alipoletewa habari hiyo alipumua, akasema asante Mungu, akaiamini kwa sababu alitaka kuiamini.

Lakini tangu hapo hakukanyaga tena Kasaji, kila mara alikuwa na kazi, na harusi za upande wa bakwe hakupiga hata moja. Bakwe zetu, mlisema ana majivuno. Hayakuwa majivuno.

Mwaka 2023 figo zilianza kumusumbua, miguu ikavimba, akalazwa mara kadhaa, na mwezi huu wa tano alituita kitandani mimi na Adolphine, akatuambia yote, akalia kwa haya kuliko kwa maumivu, akaomba mubao urudi kwa mwenyewe kabla yeye hajaingia udongoni. Alifariki jumatatu tarehe 19 mwezi wa tano 2025, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minne.

Jana nilitoa nyuzi, nikaifunga gitare kwenye kitenge, nikamupa tantine Tina, shangazi yetu, aipeleke kwa mama Ntumba pale alipofikia, na kuku wa kuomba musamaha, maana mimi pia ni wa bukwe, sikuweza kusimama mbele yake. Tantine amerudi na jibu, na mama amekubali nilisome kama alivyolisema, maneno yake ni haya: Mi nilijua tangu ile Pasaka, niliona tundu ya musumari ya mzee wangu Kalala pale ku mwisho ya gitare. Nikasema, nikimuuliza nitamuvua nguo mbele ya batoto yake. Nikasema ni mchwa, nikawaza, Stani anajua miti, atasikia kwamba nimemusamehe, atakuja. Hakukuja. Ile mubao ilikuwa ya kunifunika, lakini niliisikia inaimba mu kanisa, nikasema acha, itaniimbia. Miaka yote miye nilikuwa namungojea aipige ku kilio yangu, na sasa ni miye niko ku kilio yake.

Akamurudishia tantine gitare, akaagiza nyuzi zirudishwe, na usiku nimezirudisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomuhangaikia, wenzake wa atelie waliotoa damu na sanduku hili, majirani mliotoa viti, maji na kuni, kwaya iliyomupokea tena na gitare yake ya magoti, na ninyi bakwe, ambao hatuna shukrani ya kuwatosha, tunawaomba tu mutuangalie kwa jicho lile mama yenu alilotuangalia nalo.

Hatukupata mutu wa kuipiga gitare leo. Mnaiona pale, imelala juu ya magoti ya mama Ntumba, mukono wake uko juu ya nyuzi, mahali ambapo mukono wa mukwe wake ulikuwa. Kaka Stani, mubao umefika kwa mwenyewe, inua kichwa sasa, na upumzike kwa amani.