Kaka Yetu, Fundi wa Kompyuta Zilizojisakinisha Zenyewe

Jumatano tarehe 5 Machi 2025, saa mbili asubuhi, shemeji yetu alipiga simu kutoka wodini. Alisema, "Ametutoka," kisha akashindwa kuendelea. Ndivyo tulivyojua kwamba Mungu amemchukua kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1971, wa pili kati ya watoto watano. Alimaliza sekondari mwaka 1989, akasomea ufundi wa umeme miaka miwili. Redio ya baba aliifungua mara tatu bila ruhusa. Mara ya tatu ndipo ilipoimba tena.

Mwaka 1996 aliajiriwa hospitalini kutunza kompyuta. Kila mashine mpya aliiwekea mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha, kwa mkono, akijibu maswali yale yale: lugha, saa, jina la mashine. Mwaka 2009 alichoka. Akaandika programu iliyosoma orodha ya vyumba na kuitungia kila mashine faili lake la majibu, ijisakinishe yenyewe, yaani ijiwekee mfumo huo bila mtu kuigusa. Siku ya kwanza programu iliganda kwenye mstari wa juu wa orodha, chumba cha mapokezi, na kompyuta zote arobaini zikaitwa Mapokezi. Dada wa maabara akampigia.

"Fundi, kulikoni? Hata huku kwetu ni mapokezi!"

"Basi wapokee wageni, dada, nakuja."

Kufikia saa saba mchana kila moja ilikuwa na jina lake.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa kanisani na mwalimu wa hesabu, wakaishi kwa utani mwingi na sala kila jioni.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2023. Hakulalamika, ila jambo moja lilimnyima raha: kazi ile aliijua peke yake. Akaanza kumfundisha mama mmoja wa ofisini kwake, hata akiwa kitandani. Jumatatu tarehe 3 Machi mama huyo alisakinisha kompyuta sitini za jengo jipya, jioni akaja wodini.

"Mbona hukunipigia?"

"Sikuwa na swali, kaka."

"Hata moja? Umenidharau kweli!" Akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Kisha akasema, "Mungu wangu, asante."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, mama yetu na ndugu wanne. Bwana ampe pumziko alilolifanyia kazi.

Asubuhi ya Jumatano alisali na mkewe, akanywa chai nusu kikombe, akaomba mto ushushwe kidogo. Mkewe akaushusha. Akamshukuru, akafumba macho.