Mzigo wa Mtu Mmoja

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya mlango wa fundi saa na mlango wangu mimi, fundi cherehani. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea kipande cha tofali, na anayekaa upande ule hujifunza kunywa kahawa bila kucheka. Alasiri ile walikuwepo wale wale. Spana, fundi wa pikipiki, ambaye mikono yake na uso wake havijawahi kuwa rangi moja. Hakimu, aliyefanya kazi ya kufungua na kufunga milango mahakamani hadi akastaafu, na tangu hapo anahukumu kila kitu. Na Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Fundi Saa alikuwa ndani. Alipotoka alikuwa amebeba shoka jipya, mpini bado una karatasi ya dukani. Akakaa, akaliweka magotini, akaomba kikombe.

— Mzee, Spana alimwambia, hiyo saa ya nani tena, kubwa hivyo?

— Nahama, Fundi Saa alijibu.

— Unahama chumba?

— Nahamia kibandani. Kule porini.

Kile kibanda sote tulikijua kwa kusikia. Yeye na marehemu mkewe walikijenga kidogo kidogo, pale barabara inapokwisha na msitu kuanza. Shemeji, ndivyo tulivyomwita mkewe, alikuwa na mizinga ya nyuki kule. Kila likizo walipotea wawili, wakarudi wamevimba nyuso, wanacheka. Walisema mzee akiacha kazi watahamia moja kwa moja. Kisha shemeji akaugua, na mvua hazijaanza tukawa tumeshamzika.

— Unakwenda na nani? Shangazi aliuliza.

— Peke yangu.

Hakimu akakohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Na shoka moja?

— Shoka, sufuria, taa, blanketi. Kiberiti.

— Mfungwa ana vitu vingi kuliko hivyo.

— Ah, shoka lenyewe limepitwa na wakati, Spana aliingilia. Porini siku hizi mtu anakwenda na msumeno wa injini. Unaweka mafuta, unavuta kamba, grrr! Kuni za mwaka mzima kabla chai haijachemka.

— Na ukiharibika? Fundi Saa aliuliza.

— Si unanipigia!

— Simu haishiki kule.

Spana akajikuna shingo, akaongeza oili juu ya oili.

— Basi nitakuwepo. Zile siku za mwanzo mwanzo tu. Msumeno mpya haachiwi mtu asiyeuzoea.

— Msumeno wako utamwita chui, Hakimu alisema.

— Chui anakimbia kelele, we Hakimu!

— Chui wa mjini. Huyu wa kule hajawahi kuona msumeno, lazima aje atazame. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Na chui naye anataka kuishi.

— Chui wa mjini ni yupi? nikauliza.

— Kitu cha kwanza ni mlango, Hakimu aliendelea. Kitasa imara, makomeo mawili ya ndani, na nondo ya kupitisha kati. Hapo hata chui akija na wakili haingii.

— Nikianguka humo ndani je? Fundi Saa aliuliza.

— Ndiyo maana ufunguo wa akiba nitakaa nao mimi.

— Wewe utakuwa huku.

— Ufunguo wa akiba haukai mbali na mlango wake, ndugu yangu. Milango nimeifanyia kazi maisha yangu yote. Nitajisimamishia kibanda kingine kando, kidogo tu. Hutaniona. Utanihesabu kama kichaka.

— Na komeo la ndani, Shangazi aliuliza, linafunguliwaje na ufunguo wa nje?

— Rufaa imekataliwa, Hakimu alisema, akageukia kahawa yake.

Shangazi akaweka birika chini. Akiweka birika chini, ujue zamu yake imefika.

— Nyie wanaume mnapanga vyuma tu. Huyu atakula nini? Huyu? Shemeji alinihadithia mwenyewe, aliwahi kuunguza maji. Sufuria gani umenunua, Fundi?

Fundi Saa akaonyesha kwa viganja. Ilikuwa ndogo kama kofia.

— Hiyo ya kuchemshia yai! Chukua kubwa, yenye kitako kizito.

— Chakula kitabaki, Shangazi. Kitachacha.

— Hakichachi kikiwa na walaji. Nitafika nikuonyeshe. Wiki moja. Wiki mbili, kama kuni ni mbichi.

Nami, badala ya kunyamaza kama mtu mzima, nikaanza habari ya turubai. Kwamba paa la kibanda cha zamani halikosi kuvuja, kwamba turubai lazima liwe na pindo nene na matundu ya kamba. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema turubai halikatwi kwa kukisia, lazima nifike nipime mwenyewe. Fundi Saa akanitazama kama mtu aliyepoteza shahidi wake wa mwisho.

Akaweka kikombe chini.

— Jamani, alisema. Pale kwangu kila anayekuja anakaa kwenye kile kiti cha marehemu, ananipa pole. Nashukuru. Msidhani sishukuru. Lakini pole zimekuwa nyingi hadi yeye mwenyewe simsikii tena. Kule ndiko alikokuwa anacheka. Nyuki wakimuuma anacheka, mvua ikitukuta njiani anacheka. Tulipanga kuhamia wawili. Sasa nimebaki mmoja, lakini mpango haujafa. Nataka nikakae pale.

Pikipiki ikapita, ikaenda zake. Shangazi akamwongeza kahawa bila kuombwa. Hakimu alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anavivaa.

Aliyefuata ni Spana, na safari hii hakuwa anapiga kelele.

— Na ukiumwa, mzee? Ukiumwa kule, sisi tutajuaje?

— Hamtajua.

Lile neno lilitua vibaya. Nadhani hata yeye aliliona likitua, maana alianza kusugua mpini wa shoka kwa kidole gumba. Shemeji aliugua akiwa katikati yetu, na bado tulichelewa kujua jinsi alivyokuwa mgonjwa. Hakuna aliyelisema hilo. Badala yake wote wakaanza kusema kwa pamoja, na tangu hapo mzigo ukaharibika kabisa.

— Filimbi! Spana alisema. Ile ya refa.

— Filimbi haivuki kilima, Hakimu akapinga. Njiwa. Namjua mtu anafuga njiwa wa barua. Fundi akiumwa, anamfunga njiwa karatasi mguuni, njiwa anakuja hapa benchini.

— Na kumrudishia majibu? Spana aliuliza.

— Njiwa huenda upande mmoja tu, upande wa kwao. Kwa hiyo vizimba viwili. Njiwa wa huku tunawapeleka kule, wa kule tunawaleta huku.

— Njiwa wa kule wametoka wapi? Shangazi aliuliza.

— Mchimba kisima hakatazwi maji, Hakimu alijibu, na akaridhika.

— Moshi basi, Spana alisema. Asubuhi Fundi akiwa mzima, anawasha moto, moshi mweupe. Akiumwa, anatupia tairi, moshi mweusi.

— Mgonjwa atabeba tairi? Hakimu aliuliza.

— Tairi ninabeba mimi! Nitakaa juu ya kilima, naangalia moshi. Na plaizi nitabeba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukalitafakari hilo la chawa na plaizi, tukaona bora lipite.

Sasa kama Spana yuko kilimani, Hakimu kichakani na Shangazi jikoni, taa moja haitoshi. Jenereta ikaingia. Jenereta ikadai mapipa ya mafuta. Watu wote hao wanakunywa nini? Tangi la maji likaingia. Watalala wapi? Vitanda vya kukunja, na vyandarua ambavyo, ndiyo, mimi ndiye nitakayeshona. Choo kinataka sururu. Sururu inataka wachimbaji wawili, na Spana ana shemeji zake.

— Na jioni, Hakimu aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, tutakaa wapi?

Wote tuliliangalia benchi, tukikadiria uzito.

Fundi Saa alikuwa amejifunika uso kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikanyoosha mkono nimshike, kumbe anacheka. Na alikuwa amekaa upande wa mguu mfupi. Kahawa yote ikamwagikia shoka.

Hapo pikapu ikasimama mbele yetu. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani, kiwiko nje ya dirisha. Hatukuwahi kumwona.

— Hamjambo wazee wangu? Nimeitwa kuangalia mzigo wa kwenda porini.

— Umefika penyewe hasa, Spana akamwambia. Jenereta, mapipa, msumeno wa injini, tangi, sufuria kubwa, tairi chakavu, vitanda...

— Na vizimba viwili, Hakimu akaongeza. Tahadhari na njiwa.

— Na hili benchi, nikasema. Sijui kwa nini nililisema.

Dereva alitusikiliza hadi mwisho. Akatuangalia mmoja mmoja, kuanzia Shangazi hadi Fundi Saa mwenye kahawa mapajani. Akazima injini.

— Samahani, alisema. Mimi niliambiwa nampeleka mtu mmoja, anakwenda kuishi peke yake. Ni yupi kati yenu?

Spana akamtazama Hakimu. Hakimu akatafuta kikohozi chake, hakikutoka. Mimi nikavuta uzi kwenye mkono wa shati langu hadi ukakatika. Fundi Saa akatutazama sote pale benchini. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa mashapo matupu ya kahawa.

Mwishowe mzee akainuka, akafuta shoka kwa suruali yake, akaenda kuinama dirishani mwa pikapu. Aliteremsha sauti, lakini mtaa wetu ni mwembamba.

— Mwanangu, njoo kesho alfajiri. Mapema kabisa, kabla hawa hawajaamka.

— Alfajiri? Shangazi aliuliza huku akiinua kigoda chake. Alfajiri mimi huwa nimeshachemsha kahawa.