Shangazi wa Viti Viwili Dirishani

Ukurasa huu umekaa kimya kwa mihula mitatu, nami nawaomba radhi wasomaji wa jarida letu. Kilichonirudisha ni mtu asiyestahili kuondoka bila kuagwa. Mwisho wa mwezi huu mshauri wa wanafunzi, ambaye shule nzima humwita Shangazi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza kama mwalimu wa sayansi, akaenda kusomea ushauri nasaha, akarudi na kupewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Harufu ya mipira haikutoka kamwe. Humo aliweka viti viwili, akavielekeza dirishani badala ya kuvitazamanisha. Alisema kwamba mtoto asiyeweza kutulia husema kweli akiwa anatazama kitu kingine. Kisha alimpa wavu wa goli uliojifunga mafundo, aufungue. Timu yetu imefungwa mabao mengi, lakini nyavu zake zimekuwa safi daima.

Wengi tutamkumbuka kwa habari ya Cherehani, msichana wa kidato cha pili aliyepewa jina hilo kwa sababu miguu yake haikuacha kukanyaga chini ya dawati. Daktari alikwisha kutueleza kwamba ana tatizo la umakini na utukutu alilozaliwa nalo, wala si utovu wa adabu. Muhula mmoja miguu ikanyamaza. Hakudakia maswali tena, hakugombana na mtu. Ofisi ya walimu ilifurahi. "Sasa amekuwa mtu," alisema mwalimu wa hesabu, na tukampa zawadi ya nidhamu mbele ya shule nzima. Aliipokea bila kuitazama.

Shangazi hakupiga makofi. "Huyo hajatulia, jamani. Amezimika," alisema. Zamani Cherehani alirukia kila jambo kwa kuwa yote yalimvutia. Sasa hakuna lililomvutia. Shangazi alimwita, akampa wavu, akamuuliza, "Mwanangu, siku hizi umeacha nini?" Mtoto alijibu macho yakiwa kwenye fundo: ameacha kuimba, ameacha kula na wenzake, na huwaza kwamba nyumbani wangepumua kama yeye asingekuwepo.

Siku hiyo hiyo Shangazi alimpigia simu mama mtu. "Si ninyi mliotaka atulie?" mama alimuuliza kwa uchungu. Shangazi hakubishana; aliwasindikiza hospitalini, ambako ilithibitika kuwa ni sonona, iliyojificha nyuma ya tatizo lile la kwanza. Matibabu yalichukua miezi. Kisha asubuhi moja, katikati ya somo langu la sarufi, miguu ilianza kukanyaga chini ya dawati. Somo liliendelea, na hakuna aliyemkemea.

Aliyetusikiliza sote alikunywa chai yake peke yake mle chumbani. Wengi wetu hatukubisha hodi ila tulipokuwa na shida. Sasa yuko katika likizo ya kustaafu. Juzi nilikuta mlango uko wazi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alikuwa ameketi akitazama nje, na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Niliketi, nikamuuliza swali la Shangazi, kwa kuwa sina langu.

Shangazi, asante. Tunakuombea uzeeni watu wa kukubishia hodi bila shida yoyote. Bodi haijaamua kama chumba kitapata mshauri mwingine au kitarudi kuwa stoo. Ikishaamua, nitaandika hapa hapa. Kwa sasa viti bado vinatazama dirishani.